Pesa ya Duara, Mchele wa Jaruba

Kahama ina bahati mbili, na mji mwingine ungeridhika na moja. Upande wa Kakola kuna dhahabu ya Bulyanhulu. Kwingine ni majaruba ya mpunga, na malori hubeba mchele wake hadi Rwanda na Burundi. Lakini pita nyumbani kwa mchimbaji mdogo mwezi wa Februari, ukae kidogo barazani. Utaambiwa mchele umepanda, unga umepanda, na duarani, kwenye shimo analochimba, hii ni wiki ya tatu mawe hayana kitu. Mchele huohuo ulipita mbele ya mlango wao mwezi wa Juni, ukiwa bado mpunga, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na mwenye mkokoteni alikuwa anabembeleza wanunuzi. Juni ile pesa ilikuwepo. Ilikwenda wapi, baba ana maelezo yake na mama ana yake.

Ushauri mwingi wa kubana matumizi huandikwa kwa ajili ya mtu wa mshahara: pesa ikiingia tarehe 25, gawa mafungu, weka hili, acha lile. Kwa mwajiriwa wa mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, ushauri huo unatosha. Ukimpelekea mtu wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu atakucheka, kwa sababu yeye hana tarehe 25. Ana siku ya mgao. Anaweza kukaa mwezi na nusu akila kwa mkopo wa mama ntilie, halafu siku moja mifuko yake ya mawe ikapita karasha, ikapita mwalo, akaondoka na pesa ya miezi minne mfukoni. Mkulima wa pamba wa Kishapu naye hayuko mbali na hapo: pesa yake huja mara moja, msimu wa ununuzi ukifunguliwa mwezi wa Mei, na mwaka mzima uliobaki ni kusubiri.

Ndiyo maana nasema kwamba huku kwetu akiba kubwa ya nyumba iko kwenye kalenda. Ukinunua chakula kikuu mwezi kinapovunwa, umeokoa zaidi ya kile utakachookoa kwa kugombana na watoto juu ya sukari mwaka mzima. Pesa ya dhahabu haina msimu, mpunga unao. Kazi ya mwenye nyumba ni kuikutanisha pesa isiyo na msimu na chakula chenye msimu, na kuifanya kazi hiyo mapema, kabla pesa haijapata shughuli nyingine.

Jambo hili si geni kwa Wasukuma. Ngitili ni nini kama si hiyo? Malisho yanafungwa wakati majani yapo, ng'ombe hawaingii, hadi kiangazi kikikaza ndipo kinafunguliwa kipande kimoja kimoja. Mradi wa HASHI ulipoanza Shinyanga mwaka 1986, baada ya nchi kugeuka jangwa kwa ukataji wa miti, mojawapo ya kazi zake ilikuwa kurudisha ngitili. Stoo ya nyumbani ni ngitili ya watu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana bila hesabu haya ni maneno matamu tu. Kwa wiki mbili, pima kila kinachoingia sufuriani. Usikisie. Tuseme nyumba ya watu sita hupika wali mara nne kwa wiki, kilo moja kila mara, na siku nyingine ni ugali. Hizo ni kilo nne kwa wiki, kilo 104 kwa nusu mwaka. Mpunga ukikobolewa kwenye mashine nzuri, kilo 100 hutoa mchele kati ya kilo 60 na 65. Kwa hiyo miezi sita ya bei kali, kuanzia Desemba hadi mavuno mapya, inataka magunia mawili ya kilo mia mia, na kitu kinabaki. Magunia mawili! Hayo hukaa pembeni mwa kitanda. Kama tofauti ya bei kati ya Juni na Februari ni shilingi 800 kwa kilo (weka bei ya kwenu, hizi ni za mfano), umeokoa zaidi ya shilingi 83,000 kwenye mchele peke yake. Ukifanya hivyo kwa mahindi, ambayo hupikwa mara nyingi zaidi, Januari ya madaftari na sare za shule haitakukuta ukitafuta wa kumkopa.

Nimesema mpunga, sikusema mchele, na nina sababu. Mpunga ndani ya ganda lake unahimili kukaa kuliko mchele uliokobolewa, ambao huanza kuingiwa na wadudu na kubadilika harufu. Koboa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Pia debe la mpunga halishawishi mtu kama mchele mweupe. Shemeji hawezi kuja jioni akakuomba sado mbili za mpunga apike usiku huo. Na kabla ya kumimina mpunga mashineni, uliza pumba ni za nani. Mashine nyingine hubaki nazo. Kama una kuku, hizo ni pesa.

Mahindi yanataka uangalifu zaidi, kwa sababu ya dumuzi. Mdudu huyu, ambaye wengine walimwita skania, hakuwa wa kwetu. Alitoka Amerika, na hapa Afrika alionekana kwanza Tabora, jirani zetu, mwishoni mwa miaka ya 1970. Anageuza mahindi kuwa unga ndani ya gunia kabla hujayafikisha mashineni. Dawa ya unga ipo na watu wengi wanaitumia, ila kwa chakula cha kula nyumbani napendelea mifuko ya PICS: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya kiroba kimoja, kila mmoja unafungwa peke yake kwa kamba. Hewa haiingii, mdudu anakosa pumzi, anakufa bila sumu yoyote. Choroko na kunde zinafaa humo vilevile. Mfuko usipotobolewa na panya unarudiwa msimu wa pili, hata wa tatu. Upulize kabla ya kuutumia, kama mtoto anavyopuliza puto, usikilize kama unavuja.

Lakini mfuko huo haukaushi nafaka. Ukifunga mahindi mabichi umefuga ukungu, na ukungu ndio mama wa sumukuvu. Kipimo ni hiki, hakigharimu kitu. Chukua chupa ya soda iliyo kavu kabisa. Tia mahindi hadi robo au theluthi, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, ziba, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Ikianguka yote chini, funga mifuko yako.

Najua swali linalokuja: hayo ya magunia yanahitaji pesa kwa mkupuo, na wengi wetu tunaishi kwa vipimo. Kipimo cha mafuta, fungu la nyanya, kopo la mkaa, sabuni ya kipande. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu maskini hununua kwa bei ya juu kuliko tajiri, na si kwa ujinga. Hana elfu ishirini leo, ana elfu moja. Muuza duka anaijua hali hiyo na anaifanyia biashara kihalali. Njia ya kutoka ni majirani. Akina mama watatu wanne wakichanga, galoni la mafuta la lita 20 linagawanywa kwa chupa ya lita moja ileile, mbele ya wote, na gunia la mkaa linagawanywa kwa ndoo. Nimeona vikundi vya VICOBA vikifanya hivi badala ya kugawana pesa taslimu tu mwisho wa mzunguko: fungu moja la akiba linatoka Juni kama mahindi. Huo ni uamuzi wa busara kuliko kugawana pesa Desemba, mwezi ambao kila kitu kiko juu.

Si kila kitu kinunuliwe kwa wingi, hata hivyo. Kinachotaka kupikwa kinakaa, kinacholambwa hakikai. Sukari ikiwa kilo tano ndani, chai inanywewa mara tatu kwa siku na kila mtu anaongeza kijiko. Biskuti za jumla, soda za kreti, juisi za unga: hayo nunua kwa kuhesabu, au usinunue. Na nauli iingizwe kwenye hesabu. Mtu anatoka machimboni kwa bodaboda hadi Katoro kufuata bei ya jumla ya kilo tano za mchele, anarudi akidhani ameokoa. Nauli ya kwenda na kurudi imeshakula faida yote, na njiani alikunywa supu.

Ukifika sokoni, kuna mambo ya macho. Sado, lile kopo la plastiki la rangi ambalo sasa ndilo kipimo chetu cha kila siku, ligeuze uangalie kitako. Likiwa limepashwa moto na kusukumwa ndani, umeona mwenyewe. Unalipa sado nzima na kubeba pungufu. Debe nalo lina mabonde ubavuni. Debe la mahindi makavu linapaswa kukaribia kilo 18 hadi 20, basi lipime hata mara moja kwenye mizani ya duka la jirani ili ujue muuzaji wako ni mtu wa namna gani. Mizani ndiyo salama yako, na ikiwa na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu ni bora zaidi. Upande wa pili, ukiwa wewe ndiye mnunuzi na mkulima anakuletea lumbesa, gunia lililoshonewa kofia juu, usifurahi. Sheria inaikataza, na kesho mkulima huyo ni shangazi yako wa Kishapu anayepunjwa na mtu mwingine.

Dagaa wa Ziwa Victoria wana kalenda yao. Huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawaifuati taa, wavuvi wengi hupumzika na mzigo unapungua sokoni. Kwa hiyo anayenunua dagaa wa mwezi mzima na anunue wakati wa giza. Angalia pia walikoanikwa. Waliokaushwa chini mchangani ni wa bei ndogo, lakini sehemu ya unacholipia ni mchanga wa ufukweni, na utatumia maji na muda kuuosha. Waliokaushwa kwenye chanja hupanda bei kidogo na huingia wote sufuriani. Chukua konzi moja, itikise juu ya kiganja cha mkono mwingine, utaona.

Mboga ni eneo ambalo bibi zetu walituzidi mbali. Viazi vitamu vikivunwa kwa wingi walivikatakata na kuvianika vibichi vikawa michembe, au wakavichemsha kwanza vikawa matobolwa. Majani ya kunde yaliyojaa shambani wakati wa mvua yalikaushwa yakawa nsansa, ikaliwa kiangazi na karanga. Leo kijana wa mjini Geita anaona haya kula michembe mbele ya wenzake, kisha ananunua mkate wa chai kila asubuhi kwa pesa ambayo ingenunua viazi vya juma zima. Michembe iliyopikwa na karanga na maziwa haina haja ya kutetewa. Choroko na dengu nazo tunazilima wenyewe na tunaziuza nje kwa magunia, huku nyumbani tukinunua maharage yaliyosafirishwa kutoka mikoa mingine. Choroko huiva upesi kuliko maharage makavu, maana yake mkaa kidogo. Na maharage yenyewe yakilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa asubuhi, yanakata saa nzima ya moto. Hilo la kuloweka kila mtu analijua na wachache wanalifanya.

Umeme. Hapa pana pesa inayopotea kimya kimya. TANESCO ina daraja la watumiaji wadogo wa nyumbani, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Kinachozidi hapo hulipwa shilingi 350 kwa uniti. Anayezidisha mara kwa mara huhamishiwa daraja la kawaida, ambako kila uniti, hata ya kwanza, ni takriban shilingi 300. Sasa fikiria zile nyumba zetu za vyumba vinane, wapangaji wanane, mita moja ya LUKU. Wote kwa pamoja hawawezi kubaki chini ya uniti 75, hivyo kila mmoja analipa bei ya mtumiaji mkubwa ingawa chumbani ana taa mbili na chaji ya simu. Unapotafuta chumba Nyankumbu au Katoro, chumba chenye mita yake kwa kodi iliyozidi kidogo kinaweza kuwa rahisi kuliko cha jirani. Uliza pia kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa ndani ya LUKU. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Mpatane mapema itarudi vipi kwako, msiache ikawa ugomvi wa kila mwezi.

Nimeacha pesa yenyewe hadi hapa kwa makusudi, maana mtu akianza na pesa hasikii mengine. Siku ya mgao ni siku ya hatari. Kila anayekudai anajua, kila anayekupenda anajua, na muziki kijiweni unapigwa kwa ajili yako. Kwanza, uza vizuri. Masoko ya madini yalifunguliwa mwaka 2019, Geita ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, ili mwenye dhahabu apimiwe kwenye mizani inayoaminika na kuijua bei ya siku. Anayemaliza kila kitu na dalali gizani ameanza kupoteza kabla hajanunua hata chumvi. Oktoba 2025 bei ya dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja. Bei ikiwa juu namna hiyo, kodi za vyumba na sahani ya wali machimboni hupanda pia. Tofauti ni kwamba dhahabu hushuka, na sahani ya wali huwa haishuki nayo.

Pili, igeuze pesa kuwa vitu siku hiyohiyo, kwa mpangilio huu: lipa deni la chakula, nunua magunia kama ni msimu, weka ada na kodi ya nyumba ya miezi uwezayo, kilichobaki ndicho cha kutembea nacho. Kama si msimu, tunza pesa ya magunia kwenye akaunti ya kikundi ambayo huwezi kuitoa peke yako saa nne usiku kwa simu. Ng'ombe na mbuzi ni benki nzuri ya wazee wetu, lakini kumbuka kwamba kiangazi kikali huwakondesha wote kwa pamoja, na siku hiyo kila mtu anauza na hakuna wa kununua. Usiweke akiba yote kwenye miguu minne.

Tatu, mwambie mwenzio kiasi halisi. Mababa wa machimboni wana tabia ya kutaja nusu, na kina mama wana tabia ya kuficha kilo kwa ajili ya siku ya shida. Nyumba inaendeshwa kwa bajeti mbili za siri zisizokutana, kila mmoja akimwona mwenzake mfujaji. Sina dawa ya ndoa, ila najua kwamba stoo ya chakula ni mahali pazuri pa kuanzia kusema ukweli. Gunia linaonekana, halifichiki kwenye simu.

Kuhusu mikopo nitasema machache. Ile inayoitwa kausha damu, ya kuchukua laki moja na kurudisha laki na thelathini ndani ya mwezi, kidogo kidogo kila siku, inafuta kila akiba iliyoelezwa hapo juu. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni wa daraja la pili, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mkopeshaji asiyeweza kukuonyesha leseni yake, muage kwa heshima. Daftari la duka la Mangi ni jepesi zaidi, lakini nawe uwe na daftari lako. Andika siku uliyochukua na bei aliyokuambia siku hiyo, si bei ya siku unayolipa.

Na michango ya harusi? Kila nyumba ina ukoo wake na aibu yake, siwezi kukuamulia. Weka kiasi cha mwaka mzima, kigawe kwa kadi utakazopokea, na sare ya kitenge iwe jambo la hiari. Undugu hauvunjiki kwa kitenge.

Mgodi wa Buzwagi, hapo hapo Kahama, ulianza mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Miaka 12. Waliokuwa na mishahara mizuri pale walijua mwisho unakuja, na bado wapo ambao siku ya mwisho iliwakuta hawajajiandaa. Duara la mchimbaji mdogo halina hata uungwana wa kutangaza tarehe.

Mavuno ya mpunga huanza Mei na bei hukaa chini hadi Julai hivi, kabla wanunuzi wakubwa hawajamaliza kuzunguka. Kwa hiyo fanya mambo matatu kabla ya Mei: pima mnakula kiasi gani kwa wiki, nunua mifuko ya PICS ya kukutosha, na elewaneni humo ndani nani atashika ufunguo wa stoo.